Oksimita ya kidoleni ilikaa miaka ikisubiri mnunuzi: vifaa tiba husukumwa na sayansi au na soko?

Fundi_Mwambao (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukijadili humu kwa nini vifaa fulani vya hospitali vipo na vingine havipo, mjadala huishia pale pale. Kundi moja linasema wanasayansi wakigundua, kifaa kitakuja tu. Kundi la pili linasema bila pesa hakuna kitu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nashinda na hivi vitu mezani, na naona makundi yote mawili yanaruka swali lenyewe: ni pesa ya nani, na aliyeitoa alikuwa anaogopa nini? Ngoja nichukue kifaa kimoja nikifuatilie tangu mwanzo.

Kifaa chenyewe ni oksimita, kile cha kubana kidole kinachotoa namba mbili: asilimia ya oksijeni kwenye damu, na mapigo ya moyo. Kabla ya korona walikijua watu wa hospitali. Tangu 2020 unakikuta hadi famasi za mtaani.

Ukikifungua, upande mmoja una taa mbili ndogo sana za LED. Moja ni nyekundu, utaiona. Nyingine ni ya infraredi, macho hayaioni, ila ukiielekezea kamera ya simu mara nyingi utaona kinuru kwa mbali. Upande wa pili kuna sensa inayopokea mwanga uliopenya kidole. Taa zinawaka kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Damu iliyobeba oksijeni inauachia mwanga mwekundu upite. Damu iliyoishiwa inaumeza. Kwenye infraredi mambo yanageuka. Kifaa kinalinganisha hizo mbili, kinatoa namba. Basi.

Sasa historia. Kwamba damu hubadilika rangi ikibeba oksijeni, na kwamba badiliko hilo linapimika kwa mwanga, ilijulikana tangu 1864. Mwaka huo Felix Hoppe-Seyler, Mjerumani, alikipa jina la himoglobini kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni kwenye damu, na George Stokes wa Cambridge akaonyesha jinsi rangi yake inavyogeuka ikichukua na kuachia oksijeni. Hakuna aliyetengeneza kifaa. Ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wakawa wanapoteza fahamu angani kwa kukosa oksijeni. Hapo jeshi likawa na shida, na jeshi lina fedha. Mmarekani Glenn Millikan akatengeneza kipimo cha kuvaa sikioni. Vita vilipoisha mnunuzi akaondoka, kazi ikabaki kwenye maabara chache.

Ugumu ulikuwa huu: mwanga ukipita mwilini haukutani na damu ya ateri, ile inayotoka kwenye moyo, peke yake. Kuna ngozi, nyama, na damu ya vena inayorudi kwenye moyo. Vyote vinameza mwanga. Hewlett-Packard walitoa cha sikioni miaka ya 1970 kinachotumia mawimbi manane ya mwanga. Kilipima vizuri, lakini kilikuwa kikubwa na ghali, kikaishia kwenye maabara za mapafu.

Mwaka 1972, kwenye kampuni ya Nihon Kohden huko Japani, mhandisi Takuo Aoyagi hakuwa anatafuta oksijeni hata kidogo. Alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani, kwa kuingiza rangi kwenye mshipa na kuifuata kwa mwanga sikioni. Mchoro wake ukawa unaharibiwa na mapigo: kila moyo ukipiga, mstari unaruka. Akaamua kuufuta huo mruko kwa kutumia mwanga wa aina mbili, mmoja uondoe mruko wa mwenzake. Ukafutika kweli. Lakini oksijeni ya mtu ilipopungua, mruko ukarudi. Akaelewa kwamba kile alichokuwa anakifuta ndicho kipimo chenyewe. Kinachodunda ni damu ya ateri. Ngozi haidundi, mfupa haudundi. Ukipima kile kinachodunda tu, vingine vyote vinajitoa vyenyewe, huhitaji mawimbi manane.

Mimi nikilifikiria hilo huwa nasimama kazi. Ni wazo safi sana.

Mwaka 1974 aliliwasilisha kwenye mkutano wa kitaaluma Japani na kampuni yake ikaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi. Wiki chache baadaye Minolta, wale wa kamera, nao wakaomba hataza ya wazo linalofanana. Nihon Kohden wakatoa mashine mwaka 1975. Haikununulika. Hawakuomba hataza nje ya Japani, na Aoyagi akapewa kazi nyingine. Kifaa kilichokuja kuokoa watu wasiohesabika kilikuwa kimeshagunduliwa, kimeshatengenezwa, na kimewekwa pembeni.

Nini kilibadilika? Kanuni ni ile ile ya Aoyagi. Taa za LED na chipu za kompyuta zilishuka bei, hilo lilisaidia, na kampuni ya Biox ya Colorado ikazitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kilichofungua mlango ni hofu. Madaktari wa usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji, walikuwa wakishtakiwa sana Marekani. Mgonjwa akikosa hewa mezani kwa dakika chache, bomba limeingia njia ya chakula badala ya njia ya hewa na hakuna aliyegundua, anakufa au anabaki na ubongo ulioharibika, na mahakama inaamuru fidia kubwa. Ada za bima za madaktari hao zikapaa. Mwaka 1982 televisheni ikarusha kipindi kuhusu vifo vya usingizi, nchi nzima ikashtuka.

William New alikuwa daktari wa usingizi pale Stanford, tena mhandisi. Mwaka 1981 yeye na Jack Lloyd wakaanzisha kampuni ya Nellcor, na 1983 wakatoa oksimita yao, N-100. Angalieni walichokifanya. Waliipa sauti: kila pigo la moyo linalia, na oksijeni ikishuka mlio unashuka nao. Daktari anaweza kuwa amegeuka anavuta dawa kwenye sindano, sikio likamwambia kuna tatizo kabla jicho halijaona. Mtu aliyewahi kusimama kwenye chumba cha upasuaji ndiye anayeweza kufikiria kitu cha namna hiyo. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kikapitisha viwango vya ufuatiliaji wa mgonjwa, na ilipofika 1990 oksimita ikawa lazima kwa kila anayelazwa usingizi.

Hoja yangu ndiyo hii. Soko lililosukuma kifaa hiki halikuwa wagonjwa. Wagonjwa wanaokosa oksijeni walikuwepo siku zote, Tokyo, Chicago na Tanga. Aliyenunua ni yule ambaye kifo cha mgonjwa kingemgharimu. Ndiyo maana miaka 20 baada ya oksimita kuwa jambo la kawaida Marekani, utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010 ulikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa nayo. Shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka uliofuata kwa sababu hiyo, likaleta oksimita imara kwa dola 250 hivi kwa hospitali za nchi maskini. Sayansi ile ile, shida ile ile, ila mnunuzi hakuwepo mpaka watu walipoamua kumtengeneza.

Karibuni. Hasa mlioko wodini na maabara.

---

Sista_wa_Zamu

Mleta mada, Mungu akubariki, umeandika vitu tunavyoviishi.

Niko wodi ya watoto. Mtoto wa nimonia tulifundishwa kumwangalia: mbavu zinavyoingia ndani, pua zinavyotanuka, anavyoguna kila akitoa pumzi, unahesabu pumzi dakika nzima. Midomo kugeuka bluu ni dalili ya kuchelewa. Kwa watoto wetu unafunua mdomo uangalie ulimi na ufizi, maana ngozi inaficha, na taa ya wodini yenyewe ya njano. Nilikuja kusoma kwamba Comroe na Botelho walishaonyesha mwaka 1947 kwamba hata waangalizi wazoefu wengi hawaioni hiyo bluu mpaka oksijeni imeshuka karibu na asilimia 80. Mwongozo wa WHO unataka mtoto apewe oksijeni akiwa chini ya 90. Hapo katikati ndipo watoto walipokuwa wanatuponyoka.

Nina swali ambalo linanisumbua. Nasikia kifaa hiki hiki kinatudanganya sisi wenye ngozi nyeusi. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

---

Fundi_Mwambao

Sista, ni kweli, na ndiyo sehemu inayoniuma zaidi.

Watu wanadhani namba ya oksimita inatoka moja kwa moja kwenye fizikia. Haitoki hivyo. Mwanga ndani ya mwili unatawanyika huku na huku, hesabu ya kitabuni haitoshi. Kwa hiyo mtengenezaji huchukua watu wazima wenye afya wakajitolea, anawapa hewa yenye oksijeni pungufu kidogo kidogo, anachukua damu yao ya ateri na kuipima maabara, halafu analinganisha na kile sensa inachosoma. Anapata jedwali. Jedwali hilo linaingizwa kwenye chipu. Kidole chako kikiwekwa pale, kifaa kinakufananisha na wale watu.

Sasa kama wale watu karibu wote walikuwa na ngozi nyeupe?

Jubran na Tobin walichapisha mwaka 1990, Marekani, wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi walio kwenye mashine za kupumulia, namba ya oksimita iliyotosha kwa mzungu haikutosha kwao. Mwaka 2005 Bickler na wenzake wa San Francisco wakaonyesha kwamba kwa ngozi nyeusi kifaa huzidisha namba, na kadiri oksijeni inavyoshuka ndivyo kinavyozidisha zaidi. Yaani kinakosea zaidi pale unapokihitaji zaidi. Ikanyamaziwa. Desemba 2020, katikati ya korona, Sjoding na wenzake wa Michigan wakachapisha takwimu za wagonjwa: miongoni mwa waliosomwa kati ya 92 na 96 na oksimita, damu ya ateri ilionyesha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, na asilimia 3.6 tu kwa weupe. Hapo ndipo FDA, mamlaka ya Marekani ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, ikatoa tahadhari, Februari 2021, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya masharti mapya yanayotaka kifaa kipimwe kwa watu wengi zaidi na kwa rangi zote za ngozi.

Ona hiyo miaka: 1990 mpaka 2020. Ugunduzi wa kasoro ulikuwepo, umechapishwa, umesomwa. Miaka 30 hakuna mnunuzi mkubwa aliyesema "sinunui mpaka mrekebishe". Masharti ya FDA ya 2013 yalitosheka na watu wawili wenye ngozi nyeusi sana, au asilimia 15 ya waliopimwa. Na sisi huku, bara zima lenye ngozi hiyo, tulikuwa tunapokea mashine kama zilivyo.

Kwa hiyo wodini: usiamini namba peke yake. Mtoto anaguna na mbavu zinaingia, oksimita inasema 93, mchukulie ni mgonjwa. Angalia namba inavyokwenda, inapanda au inashuka, kuliko namba moja iliyosimama. Mkono uwe na joto. Na kwa mama zetu wa pwani, piko au rangi ya kucha ya giza inaziba mwanga. Geuza kifaa kipite ubavuni mwa kidole au tafuta kidole kisicho na kitu.

---

Mwl_Fizikia

Fundi, nakuheshimu sana ila hapa tusiishushe sayansi. Ukisema mnunuzi ndiye anayesukuma, serikali zetu zitasikia kwamba hakuna haja ya kulipia utafiti usio na faida ya haraka.

Stokes alipoangalia damu kupitia prizimu hakuna mtu duniani aliyekuwa anahitaji oksimita. Nick Holonyak alipotengeneza LED nyekundu mwaka 1962 pale General Electric, hakuwa anawaza kidole cha mgonjwa. Soko haliwezi kuagiza kitu ambacho halijui kwamba kinawezekana. Na upo mfano unaokwenda kinyume na wako kabisa: eksirei. Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895 akichezea mirija ya umeme pale Würzburg. Hakuchukua hataza. Mwanzoni mwa 1896 madaktari walikuwa tayari wanapiga picha za mifupa na risasi mwilini, Ulaya na Marekani. Hakukuwa na Nellcor, hakukuwa na kesi mahakamani. Ugunduzi ulitembea wenyewe.

---

Fundi_Mwambao

Mwalimu, mfano wa eksirei ni mzuri na naukubali. Ila tuangalie kwa nini ulitembea. Mirija ile na sahani za picha vilikuwa tayari kwenye maabara za vyuo kila mahali. Aliyesoma habari asubuhi angeweza kujaribu jioni. Na mnunuzi alikuwepo siku zote: daktari wa upasuaji aliyekuwa anachimba nyama ya askari kutafuta risasi asiyojua iko wapi. Gharama ndogo, hamu kubwa, hakuna wa kuzuia. Oksimita haikuwa na bahati hiyo, ilihitaji kiwanda.

Kuhusu kulipia utafiti tuko pamoja kabisa, tena mimi nasema ulipiwe zaidi. Aoyagi aliona alichokiona kwa sababu mtu alimlipa mshahara akae na mstari unaoruka. Ninachosema ni kwamba ugunduzi unakupa kinachowezekana; mnunuzi anaamua kitatengenezwa kwa ajili ya kidole cha nani.

---

Kindu_Maniema

Ndugu zangu, ninawasalimu kutoka Kongo. Mimi si fundi, ni muuguzi, lakini habari hii tunaijua kwa uchungu kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa mbung'o.

Zamani mgonjwa wa malale iliyofika kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoproli, dawa ya mwaka 1949 iliyotokana na aseniki, ile sumu. Ilikuwa inaunguza mshipa ikiingia, wagonjwa wanalia. Na iliua: kwa wastani mmoja kati ya 20 alikufa kwa dawa yenyewe. Unampa mtu sindano ukijua hivyo, kwa sababu malale bila dawa ni kifo hakika.

Ikapatikana eflonithini. Ilitafutwa kama dawa ya saratani, kwenye saratani haikufaa sana, lakini kwa malale ya Kongo iliamsha watu waliokuwa hawajitambui. FDA ikaiidhinisha kwa malale mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 uzalishaji ukasimamishwa. Kwa nini? Wagonjwa wa malale ni watu wa vijiji vya mto, hawana pesa. Dawa ilikuwepo, dunia inaijua, tukarudi kwenye aseniki.

Halafu mwaka 2000 ikaidhinishwa krimu yenye dawa hiyo hiyo, ya kupunguza nywele usoni kwa wanawake wa Marekani. Kiwanda kikawa na sababu ya kuitengeneza. Madaktari wasio na mipaka, Médecins Sans Frontières (MSF), na WHO wakapiga kelele, na 2001 kampuni ya Aventis ikakubali kutoa dawa bure kwa miaka mitano, baadaye ikaendelea. Kutoka hapo ukaja NECT, mchanganyiko wa eflonithini na dawa nyingine, mwaka 2009, halafu feksinidazoli, vidonge vya siku kumi, ambavyo DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, na kampuni ya Sanofi walivijaribu hapa hapa kwetu Kongo na kupata kibali mwaka 2018. Mwaka huo huo wagonjwa wa malale waliosajiliwa Afrika nzima walishuka chini ya 1,000.

Fundi amesema aliyenunua alikuwa anaogopa mahakama. Sisi aliyenunua alikuwa anaogopa nywele za kidevu. Nashukuru kwamba watu wetu walipona. Lakini sitaki mtoto wangu apone kwa bahati ya namna hiyo.

---

Maabara_Lake

Kindu, pole sana, na asante kwa kuandika.

Niongeze ya maabara. Kifua kikuu: Robert Koch aligundua kimelea chake 1882, na miaka zaidi ya 120 baadaye hapa Kanda ya Ziwa tulikuwa bado tunapaka makohozi kwenye kioo, tunatia rangi, tunainamia hadubini. Njia hiyo inakosa wagonjwa wengi, hasa wenye VVU, na haikuambii kama kimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kuotesha kimelea maabara kulichukua wiki kadhaa. Mgonjwa anaondoka, hapatikani tena.

GeneXpert ilibadilisha hayo. Unachanganya makohozi na dawa, unamimina kwenye katriji, unaingiza kwenye mashine, saa mbili baadaye una jibu la TB na la usugu kwa pamoja. Sasa fuatilieni teknolojia hiyo ilikomaa wapi. Mwaka 2001 mtu alituma barua zenye kimeta Marekani, watu watano wakafa. Posta ya Marekani ikataka mashine ya kunasa vimelea kwenye vituo vya kuchambulia barua, inayojiendesha yenyewe bila mtaalamu wa maabara. Kampuni ya Cepheid ndiyo iliyotoa katriji hizo. Posta ilikuwa mteja mkubwa mwenye hofu. Kisha FIND, taasisi ya Geneva, pamoja na watafiti wa New Jersey chini ya David Alland, na fedha za umma na za wafadhili, wakaigeuza kwa ajili ya TB. WHO ikaipitisha Desemba 2010.

Na bei ndiyo nataka Fundi aizingatie. Mwaka 2012 wafadhili waliungana wakalipa kampuni fedha za mkupuo ili katriji ishuke kutoka karibu dola 17 hadi dola 9.98. Ikaganda hapo miaka 11. Vikundi vya wagonjwa na MSF vikaendesha kampeni, vikisema gharama ya kuitengeneza haizidi dola 5, na Septemba 2023 ikashuka hadi 7.97. Mashine haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni wanunuzi kusimama pamoja.

---

Mama_wa_Ruaka

Hamjambo nyote. Nimesoma mpaka mwisho, nimejifunza mengi. Mimi ni mzazi tu, niko Kenya. Mtoto wangu ana pumu na nataka kununua oksimita ya nyumbani. Hizi za bei ya chini madukani zinafaa? Halafu hapa kwetu ni juu milimani, nimesikia namba huwa tofauti.

---

Fundi_Mwambao

Mama, karibu sana.

Ndiyo, ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na namba hushuka kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Nairobi na viunga vyake viko karibu mita 1,700 na kuendelea, mshuko wake ni mdogo, hautamfanya mtoto mzima awe na 90. Mpime akiwa mzima, ametulia, siku kadhaa tofauti, uandike. Hiyo ndiyo namba yake ya kulinganishia.

Hizi za madukani nyingi zinauzwa kama vifaa vya mazoezi, hazikupitia ukaguzi wa kitabibu. Tafuta iliyosajiliwa na mamlaka ya nchi yako, na kama mtoto ni mdogo, kibano cha mtu mzima hakimkai, mwanga unapita pembeni ya kidole na namba inakuwa ya uongo. Kabla hujasoma oksijeni, angalia ile namba ya mapigo. Mshike mtoto mkononi uhesabu mwenyewe. Zisipolingana, usiiamini na ya oksijeni. Na pumu: mtoto akishindwa kumaliza sentensi, peleka hospitali, namba iseme inavyotaka.

Nirudi kwa Maabara_Lake, maana amegusa nilikokuwa naelekea. Sisi si soko dogo. Tanzania tuna Bohari ya Dawa inayonunulia vituo vya umma nchi nzima, na ndiyo iliyopewa jukumu la kuratibu manunuzi ya pamoja ya nchi za SADC. Tuna TMDA inayosajili vifaa tiba. Mradi wa TIMCI umeshapeleka oksimita kwenye vituo vya afya vya ngazi ya chini Tanzania, Kenya, Senegal na India, ili mhudumu ampime mtoto mgonjwa hapo hapo kijijini. Mahitaji yapo, na oda zipo. Kinachokosekana ni masharti ndani ya oda. Zabuni nyingi ninazoziona zimeandika "oksimita, idadi kadhaa", na maelezo yaliyonakiliwa kutoka kwenye kitabu cha muuzaji.

Mimi ningeandika hivi. Muuzaji alete ripoti ya majaribio inayoonyesha kosa la kifaa kwa watu wenye ngozi nyeusi sana, peke yao, bila kuchanganywa na wastani wa wote, na hasa oksijeni ikiwa kati ya 70 na 90. Asiye na ripoti hiyo asisome hata ukurasa unaofuata. Betri iwe ya kawaida inayouzwa dukani, na kifaa kikubali umeme unaopanda na kushuka. Kitabu cha matengenezo kije na michoro yake, kwa Kiswahili au Kiingereza, siyo karatasi moja ya lugha ambayo fundi wa wilaya haisomi. Vipuri viwepo nchini miaka mitano. Na sauti inayoshuka, ile ya N-100, iwepo kwenye kila mashine ya chumba cha upasuaji, maana kwetu mtoa usingizi mara nyingi yuko peke yake.

---

Mwl_Fizikia

Hapo umenipata, Fundi. Na hiyo ripoti ya ngozi nyeusi tusiisubiri kwa muuzaji. Vyuo vyetu vina madaktari wa usingizi, na watu wa kujitolea hawatakosekana. Mashine ya kupima damu ya ateri ikiwepo, jaribio lenyewe linaweza kufanyika hapa chini ya kamati ya maadili.

---

Sista_wa_Zamu

Fundi, ongeza na sensa ya mtoto mchanga, ile laini ya kuzungushia mguuni. Iuzwe peke yake na ipatikane hapa nchini. Waya wake ndio unaokatika kwanza, pale karibu na plagi, halafu mashine nzima inapelekwa stoo.

---

Fundi_Mwambao

Nimeiongeza, Sista. Na plagi yenyewe isifungiwe kwa kampuni moja. Ninazo mezani mashine mbili nzima kabisa zinazokataa sensa mpya kwa sababu tu chapa ni tofauti. Hilo nalo linaandikika kwenye zabuni, mstari mmoja tu: kifaa kikubali sensa za watengenezaji wengine.